Tufe la dola 240 na mafuta yasiyoonekana

Usiku wa Julai 1, 1982, katika ukumbi wa bolingi wa La Habra, California, mchezaji wa miaka 52 aitwaye Glenn Allison alirusha tufe mara 36, na mara zote 36 pini zote kumi zikaanguka. Michezo mitatu, alama 300 kila mmoja, jumla 900. Shirikisho la wakati huo, American Bowling Congress (ABC), halikuwa limewahi kumwandika mtu yeyote kwa alama hizo. Wakaguzi wakaja, wakapima mafuta yaliyopakwa sakafuni, wakasema hayakutandazwa kwa mujibu wa kanuni. Alama zikakataliwa. Allison alikata rufaa, haikumsaidia. Ikabidi dunia ya bolingi isubiri hadi Februari 2, 1997, ndipo kijana Jeremy Sonnenfeld, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoandikwa kuwa wa kwanza kupata 900 inayotambuliwa, huko Lincoln, Nebraska.

Tumekitanguliza kisa hicho makusudi. Wengi wa ndugu zetu wanaoingia kwenye mchezo huu hapa Marekani huanza kwa kuuliza tufe gani ni zuri. Swali hilo halijibiki mpaka yajibiwe mengine mawili: zuri kwenye mafuta ya namna gani, na mkononi mwa nani? Anayekuuzia tufe bila kuuliza hayo mawili anataka pesa yako tu.

Kwa wasomaji wetu wa nyumbani ambao hawajauona mchezo wenyewe, tueleze kwa ufupi. Mchezaji husimama nyuma ya mstari na kurusha tufe zito lenye matundu matatu ya vidole. Tufe hupita juu ya njia yenye urefu wa futi 60 hadi kwenye pini ya kwanza, yaani mita 18 na kitu, na upana wa mita moja na ushee. Upana huo umegawanywa katika mbao nyembamba 39, ambazo wachezaji huzihesabu kama mistari ya daftari. Kila upande kuna mfereji. Tufe likitumbukia humo, umekosa. Mwishoni zimesimama pini kumi kwa umbo la pembetatu. Ukiziangusha zote kwa mrusho mmoja ni straiki, ukimalizia zilizobaki kwa mrusho wa pili ni speya.

Katika miji ya Ohio, Kentucky, Iowa na kwingineko huku katikati ya Marekani, ambako maghala na viwanda vimewaajiri watu wetu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, ligi za bolingi za wafanyakazi ni jambo la kawaida, hasa wakati wa baridi ambapo hakuna pa kwenda. Mtu amebeba boksi wiki nzima, wenzake wa zamu wanamwalika, anaenda, anapenda. Tukumbushane tu kwamba mlango huo haukuwa wazi siku zote. Hadi mwaka 1950 kanuni za ABC ziliruhusu wanachama wazungu tu, na ndiyo sababu Wamarekani weusi walikutana Detroit mwaka 1939 wakaanzisha chama chao wenyewe cha bolingi, ambacho kipo hadi leo. Anayekaribishwa leo kwenye ligi ya kiwandani anapita pale ambapo wengine walipigania kupita.

Turudi kwenye mafuta. Kila siku, na kabla ya mashindano, mashine hupita juu ya njia na kuipaka mafuta mepesi yasiyo na rangi. Si mengi. Mara nyingi ni mililita 25 hivi kwa njia nzima, sawa na vijiko vya chai vitano. Lakini hayapakwi sawasawa. Katika kumbi za kawaida katikati hupata mengi na pembeni machache. Tena hayafiki mwisho: mara nyingi hukomea kwenye futi 40 hivi, na futi 20 za mwisho huachwa kavu. Macho hayaoni mpaka huo. Ukisimama kwenye mstari unaona sakafu inang'aa tu, ukadhani ni usafi wa wenyewe.

Aliyewahi kuendesha gari wakati wa masika ataelewa haraka kinachotokea. Gari likiwa kwenye matope, unakata usukani lakini gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda. Tairi likigusa ardhi kavu, linashika, na gari linageuka ghafla. Tufe ni hivyo hivyo. Mchezaji wa mkono wa kulia hulirusha likielekea mbele, huku vidole vyake vikilizungusha kwa ubavu. Kwenye mafuta linateleza na mzunguko wake haufanyi kazi. Likifika pakavu linashika, linapinda kuelekea kushoto. Kisha mzunguko na mwendo vinakubaliana, linabingirika moja kwa moja hadi kwenye pini. Kuteleza, kupinda, kubingirika: tufe lazima lipitie hatua zote tatu, na kwa mpangilio huo. Likipinda mapema mno linafika kwenye pini limechoka. Likichelewa kupinda linafika likiwa bado linateleza, na pini zinabaki zimesimama.

Na kwa nini lipinde kabisa? Kwa sababu tufe linalokwenda moja kwa moja likigonga pini ya kwanza husukumwa pembeni, likaacha za nyuma. Linaloingia kwa pembe ya kama digrii sita, kati ya pini ya kwanza na ya tatu, linaendelea kuchimba hadi ndani. Digrii sita ni kidogo sana, lakini ndizo zinazotafutwa na biashara nzima ya matufe.

Sasa tufe lenyewe. Lifikirie kama yai: lina ganda na lina kiini. Wauzaji hupenda kuzungumzia kiini kwa sababu kina umbo la ajabu na picha yake inapendeza kwenye boksi. Kwa maoni yetu, mnunuzi wa kwanza aanze na ganda, kwa maana ganda ndilo tairi.

Ganda la plastiki, yaani poliesta, ni laini kwa nje, halinyonyi mafuta, hupita karibu moja kwa moja hata penye ukavu. Matufe ya bure yaliyopangwa kwenye rafu za ukumbi karibu yote ni ya aina hii. Ganda la yurethani, ambalo lilishika kasi baada ya kampuni ya AMF kutoa tufe lake la Angle mwaka 1981, hushika zaidi, na hupinda taratibu kwa mkunjo mpana kama barabara ya mlimani. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaja maganda ya rezini, yenye vitundu vidogo mno vinavyonyonya mafuta. Hayo huteleza vizuri kwenye mafuta na kushika kwa nguvu kwenye ukavu. Tangu yaingie, michezo ya alama 300 iliongezeka sana kwenye ligi, na wazee wa mchezo hawajaacha kulalamika.

Ukitaka kujua ganda lina uzito gani katika mchezo huu, angalia jinsi wenyewe wanavyoligombania. Mwaka 1973 bingwa Don McCune aliloweka matufe yake ya plastiki kwenye methili ethili ketoni, kiyeyusho kinachoshika moto upesi, ili ganda lilainike na kushika sakafu. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Alishinda mataji sita mwaka huo na kuwa mchezaji bora wa chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA. Wengine wakaiga, na baadaye zikatungwa kanuni za ugumu wa ganda. Karibu miaka 50 imepita, na ugomvi ni ule ule: mwaka 2022 shirikisho la sasa, USBC, lilifuta kibali cha matufe ya Purple Hammer yaliyotengenezwa mwaka 2016 na 2017, kwa sababu ya ugumu wa ganda uliopungua kiwango. Watu waliokuwa wameyanunua kwa pesa zao wakajikuta hawaruhusiwi kuyatumia kwenye mashindano.

Kiini nacho kina kazi yake. Hakiko katikati sawasawa kama mbegu ya parachichi; kina mabega na uzito upande mmoja, kwa hiyo tufe linapozunguka huwa linayumba kidogo, na kila mzunguko sehemu mpya ya ganda, kavu, hugusa sakafu. Ushahidi wake ni rahisi kuuona. Tufe likirudi kutoka kwenye mashine, usilikimbilie kulifuta. Litazame kwanza. Utaona pete za mafuta. Kama ni pete moja tu, kiini hakifanyi kazi kubwa. Kama ni pete nyingi zilizotawanyika kama mabawa ya kipepeo, hapo ganda linabadilisha sehemu inayokanyaga kila mara. Pete hizo pia zinakwambia njia ina mafuta kiasi gani. Zikiwa nene na zenye kulowesha kitambaa, mafuta yapo. Zikiwa hafifu, njia imekauka.

Msasa ni jambo la tatu, na ndilo la bei nafuu kuliko yote. Ganda likipigwa msasa namba 500 au 1000 linakuwa na mikwaruzo, linashika mapema. Namba 4000 na polishi juu yake, linateleza mbali zaidi kabla ya kushika. Tufe lile lile, kiini kile kile, linakuwa kama tufe jingine. Ila lifanyike kabla ya mchezo. Kanuni za mashindano haziruhusu kulikwaruza katikati ya mchezo.

Hapa tusimulie kisa kimoja. Kijana mmoja tunayemfahamu, mzaliwa wa Uvira aliyekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku. Baada ya miezi miwili ya kucheza na matufe ya bure aliingia kwenye duka moja akatoka na tufe la dola 240, rezini, ganda limekwaruzwa, kiini chenye uzito wa upande mmoja, sanduku lina picha ya radi. Kiasi hicho si kidogo. Mdogo wake bado yuko Nyarugusu, na kila mwezi kuna mtu anayesubiri simu kutoka Marekani.

Tufe hilo lilimwaibisha. Kila aliporusha lilikata kushoto kabla ya nusu ya njia, likapita mbele ya pini ya kwanza bila kuigusa. Mengine yaliishia mfereji wa kushoto kabisa. "Mzee, hili tufe limerogwa?" alituuliza, na hakuwa anatania sana. Akafanya wanachofanya wengi: akaanza kurusha kwa nguvu zaidi ili lisipinde. Matundu hayakuwa yamepimwa vizuri kwa mkono wake, kwa hiyo ilibidi alikabe kwa kidole gumba lisimponyoke. Wiki ya tatu gumba likavimba, kifundo cha mkono kikauma, akakosa zamu mbili. Mkono huo ndio unaobeba boksi. Zamu mbili zikiongezwa kwenye dola 240, hesabu si ya mchezo tena.

Tulimpeleka kwa fundi mwingine, mzee wa Kimarekani ambaye ametoboa matufe kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuligusa tufe kwanza. Alisema, "Chukua tufe la rafuni, rusha mara tano, mimi nitakaa nyuma yako." Akatazama. Kisha akatueleza kwa utulivu kwamba kijana ana mkono wa taratibu wenye mzunguko mwingi, na kwamba tufe alilouziwa lilitengenezwa kwa ajili ya mafuta mazito na mrusho wa kasi. Ni kama kuvalisha gari la mjini matairi ya trekta. Halafu akauliza ligi inachezwa saa ngapi. Jioni, baada ya watoto wa sherehe za kuzaliwa kushinda hapo mchana. Mzee akacheka. Kwa saa hiyo mafuta ya mbele yalikuwa yamekwisha kukanyagwa.

Hakumuuzia tufe jipya, jambo ambalo tunaliandika hapa kwa heshima. Aliziba matundu, akapima kiganja upya, akatoboa tena, kisha akalipiga msasa namba 4000 na polishi. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya tufe. Kilichobaki kilikuwa kujifunza kusoma, na hilo halina duka.

Kusoma kunaanzia miguuni, si kwenye pini. Kiasi cha futi 15 kutoka kwenye mstari kuna mishale saba iliyochorwa sakafuni, kila mmoja ukiwa mbao tano kutoka kwa mwenzake. Ule wa pili kutoka kulia uko kwenye ubao wa 10. Mchezaji halengi pini, analenga mshale. Akijua alisimama ubao gani na tufe likapita ubao gani, basi linachofanya tufe baada ya hapo ni habari kutoka kwenye mafuta. Asipojua hayo mawili, atalaumu tufe, ukumbi, au mchawi.

Wazoefu wana hesabu yao ya haraka. Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, jibu ni ubao ambao tufe linapaswa kuwa limefika linapoanza kukata. Mafuta ya futi 40 yanakupa ubao wa 9. PBA imewahi kuyapa mapako yake majina ya wanyama: duma, nyoka, kinyonga, papa, dubu. Duma ni fupi, futi 35, kwa hiyo ubao wa 4, karibu kabisa na mfereji. Papa ni refu, na huko mchezaji anayeng'ang'ania pembeni hulia. Hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia tu, si sheria.

Kisha tazama pini zilizobaki, kwa maana nazo zinasema. Kwa mchezaji wa kulia, pini namba 10, ile ya kona ya kulia nyuma kabisa, ikibaki imesimama huku jirani yake namba 6 amelala kivivu kwenye mfereji, tufe limefika limechoka: lilishika mapema mno. Pini namba 4 ikibaki upande wa kushoto, mara nyingi tufe limeingia juu mno, usoni pa pini ya kwanza. Mwenye mkono wa kushoto ageuze yote haya.

Dawa ya kwanza ni miguu. Fuata kosa lako. Tufe likikata sana kushoto, sogea kushoto: miguu mbao mbili, shabaha ubao mmoja. Wageni wa mchezo husogea kinyume, wakidhani wanalikimbia kosa, na tufe linakutana na ukavu zaidi. Ukisogea kushoto unarusha kupitia mafuta mengi ya katikati, na tufe linapata muda wa kuteleza. Kijana wetu alisogea mbao sita kwa jioni moja, na bila kuongeza nguvu yoyote akaanza kuiona pini ya kwanza ikianguka.

Kitu kinachowachanganya hata wenye uzoefu ni kwamba njia haibaki kama ilivyokuwa. Kila tufe la rezini linalopita linaondoka na mafuta kidogo. Kufikia mchezo wa pili wimbo uliopitiwa na wote umekauka, na tufe lililokuwa linaingia vizuri saa moja iliyopita sasa linakata mapema. Matufe ya plastiki na yurethani hayanyonyi. Yanasogeza mafuta mbele, hadi kule kulikokuwa kukavu. Njia mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana, na kwenye ligi unacheza zote mbili kwa zamu. Kwa hiyo tazama pia wenzako wanarusha nini, na wapi. Huo si umbea.

Kuhusu uzito, kanuni inaruhusu hadi pauni 16, yaani kilo 7 na robo. Wanaume wengi wazima hutumia 14 au 15, na hakuna aibu kwenye 12. Kipimo chetu ni hiki: acha mkono uning'inie na tufe, ubembee mbele na nyuma mara kumi. Kama bega linapanda au vidole vinakaba, ni zito, au matundu si yako. Tufe lililotobolewa kwa kipimo chako huhisi jepesi kuliko la rafuni lenye uzito uo huo, kwa sababu hulikabi. Ndiyo maana tunasema pesa ya kwanza iende kwa fundi wa kupima mkono, hata kama tufe lenyewe ni la bei ya chini.

Na mzunguko wa mkono wako usiuone haya. Jason Belmonte wa Australia hurusha kwa mikono miwili, alichekwa alipoanza, na ndiye mwenye mataji makubwa mengi kuliko mchezaji yeyote wa PBA. Lakini mwenye mzunguko mwingi hahitaji tufe lenye makali mengi, na mwenye kasi kubwa na mzunguko mdogo ndiye anayelihitaji. Wauzaji wengi hawakwambii hivyo kwa sababu lenye makali ndilo lenye bei.

Anayetaka kununua mara moja tu kwa mwaka huu, basi achukue rezini ya ngazi ya kwanza, kiini cha kawaida kisicho na uzito wa upande mmoja, ganda lililong'arishwa, matundu yaliyopimwa. Speya za pembeni, hasa ile pini namba 10, arushie tufe la plastiki la ukumbini, moja kwa moja, bila kulipindisha. Akipata pesa baadaye, tufe la pili liwe la plastiki lake mwenyewe, si rezini nyingine ya dola mia mbili.

Liwe na taulo kavu, lifutwe kila linaporudi, lisafishwe kwa dawa yake ukimaliza. Na lisilale kwenye buti la gari. Kiangazi joto huliharibu, na baridi ya Januari huku ikifuatiwa na joto la ghafla la ukumbini imepasua maganda mengi, ya bei kubwa na ya bei ndogo.